Lugha Kali na Mada za Kuumiza katika Fasihi ya Vijana: Mafunzo kwa Shule za Kando ya Ziwa Mweru, Nchelenge

Ikisiri

Makala hii inajadili swali linaloibuka takriban kila orodha ya vitabu teule inapotangazwa: je, vijana wa umri wa miaka 13 hadi 18 wasomeshwe fasihi yenye lugha kali na mada za kuumiza kama vile ubakaji, utoaji mimba, kujiua na vita? Mjadala unawekwa katika Wilaya ya Nchelenge, Zambia, ambako wasomaji wa Kiswahili wanaongezeka na ambako mengi yanayoitwa mazito mno kwa vijana yamekwisha kuwafika. Kwa kurejelea vitabu vinne vya Tanzania na Kenya, sarufi ya kitenzi cha Kiswahili, na desturi ya chisungu, makala inatetea kwamba kazi hizo zisomeshwe, lakini kwa masharti. Hoja kuu ni kwamba lugha ya waziwazi humpa kijana uwezo wa kumtaja mtenda, na kwamba hatari kubwa zaidi haimo katika kitabu bali katika darasa lisiloandaliwa kukipokea.

1. Utangulizi

Wilaya ya Nchelenge imo katika Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru. Ng'ambo ya maji ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mto Luapula huingia ziwani kutoka kusini, na Mto Luvua hutoka kaskazini, penye mji wa Pweto. Maisha ya Nchelenge, ya Kashikishi iliyo jirani yake, na ya visiwa vya Kilwa na Isokwe hutegemea samaki, kuanzia pale hadi dagaa wadogo waitwao chisense. Kila mwaka uvuvi husimamishwa tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Mwaka wa masomo nchini Zambia nao huanza Januari. Kwa hiyo mwanafunzi wa ufukweni hurudi shuleni katika miezi ileile ambayo nyumba nyingi hazina kipato cha ziwa. Ada za shule za serikali zilifutwa hadi darasa la 12 mwaka 2022, lakini sare, madaftari, chakula na malazi ya wanaokaa mbali na nyumbani bado yanadai fedha. Katika pengo hilo ndipo ahadi za watu wazima wenye fedha hupata masikio ya wasichana wadogo.

Takwimu za kitaifa zinaonyesha ukubwa wa tatizo. Utafiti wa Demografia na Afya wa Zambia wa mwaka 2018 ulibaini kwamba asilimia 29 ya wasichana wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameanza kuzaa au walikuwa wajawazito. Vijijini kiwango hicho kilikuwa asilimia 37, na mijini asilimia 19. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba asilimia 29 ya wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameingia katika ndoa kabla ya kutimiza miaka 18.

Kibemba ndicho kinachotawala mazungumzo ya sokoni na masomo ya awali katika mkoa huu. Hata hivyo, Kiswahili si mgeni kwenye Ziwa Mweru. David Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe mwishoni mwa mwaka 1867, alimkuta Mohammed bin Saleh, mfanyabiashara wa misafara kutoka pwani aliyekuwa ameishi huko kwa miaka mingi. Leo lugha hii huvuka ziwa pamoja na wavuvi na wachuuzi wa Kongo. Tangu Agosti 2017 ilivuka pia na watu waliokimbia mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika, na mapema mwaka 2018 ikafunguliwa Makazi ya Wakimbizi ya Mantapala ndani ya wilaya hii. Kabla ya mwaka huo kwisha, makazi hayo yalikuwa na zaidi ya watu 10,000, wengi wao watoto na vijana. Kwa wengi wao Kiswahili cha Katanga ni lugha ya nyumbani au ya ujirani.

Mwezi Agosti 2019 Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, ambayo Zambia ni mwanachama wake, iliridhia Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Kadiri Kiswahili kinavyoelekea kusini, orodha za vitabu vya kusomesha zitahitajika, na chemchemi iliyo karibu ni vitabu teule vya Tanzania na Kenya. Vitabu hivyo haviji peke yake. Vinakuja na mabishano yake. Kwa sababu hiyo ni heri washauri wa sera wayajue mabishano hayo kabla ya kurithi orodha, kuliko kuyagundua baada ya mzazi kulalamika.

2. Mambo matatu yasiyo sawa

Mjadala wa maadili katika vitabu vya shule huharibika mapema kwa sababu mambo matatu hutiwa kapu moja. La kwanza ni tusi, yaani neno ambalo mhusika hulitamka ili kumdhalilisha mwenzake. La pili ni utajaji wa waziwazi, yaani kuita tendo kwa jina lake bila tafsida. La tatu ni usawiri wa kusisimua, ambapo lugha hurefusha tendo la ngono au la ukatili ili msomaji alifurahie.

Tusi katika kinywa cha mhusika ni ushahidi juu ya mhusika huyo. Mume anayemtukana mkewe katika tamthilia hamfundishi mwanafunzi kutukana, anajianika. Utajaji wa waziwazi ni chombo cha maarifa, na wakati mwingine ni chombo cha sheria, kama itakavyoonyeshwa. Usawiri wa kusisimua ndio pekee unaostahili kukataliwa moja kwa moja katika kitabu cha shule, kwa kuwa unamfanya kijana kuwa mtazamaji wa maumivu ya mwingine. Mamlaka inayokataza kitabu kwa sababu tu ya kuwamo neno fulani katika ukurasa fulani haijauliza ni lipi kati ya mambo hayo matatu linalotendeka katika ukurasa huo.

Liko pia suala la mada na msimamo. Mada ya kitabu inaweza kuwa ukahaba, na msimamo wake ukawa wa kuwalaani wanaowatumbukiza wasichana humo. Vilevile kitabu kisicho na neno hata moja la kuudhi kinaweza kuwa na msimamo wa kuhalalisha ndoa ya binti wa miaka 14. Kipimo cha maneno hukiruhusu kitabu cha pili na kukizuia cha kwanza.

3. Historia ya vitabu vinne

Mfano unaofahamika zaidi ni riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyotolewa mwaka 1971. Mwandishi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria, na huko ndiko anakotoka Rosa wa riwaya. Baba yake, Zakaria, ni mlevi na mkali. Kumlinda binti kwake ni kumpiga na kumnyima nafasi ya kuzungumza na mvulana yeyote. Rosa anapotoka nyumbani kwenda masomoni hana maarifa yoyote ya kujikinga, na wanaume wenye vyeo wanamtumia. Riwaya inafika kwenye utoaji mimba na kujiua. Kwa muda kitabu hicho kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania, na baadaye kikaruhusiwa na kuwa miongoni mwa riwaya zinazosomeshwa sana katika sekondari.

Mabadiliko hayo yanafundisha jambo. Maandishi ya riwaya yalibaki yaleyale. Kilichobadilika ni usomaji wake. Hapo awali kilisomwa kwa kurasa zake: ukurasa huu una mapenzi, ule una mimba. Baadaye kilisomwa kwa ukamilifu wake, na ikadhihirika kwamba ni hoja ndefu juu ya malezi ya ukimya. Zakaria ndiye anayewakilisha wazo kwamba kijana hulindwa kwa kutojua, na riwaya nzima ni hesabu ya gharama ya wazo hilo. Kukizuia kitabu hiki kwa jina la kuwalinda vijana ni kumrudia Zakaria bila kujua.

Riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Utengano, iliyotolewa mwaka 1980 na kuwahi kuwa kitabu teule nchini Kenya, inajenga hoja ya karibu na hiyo katika mazingira ya Kizanzibari. Maimuna, binti ya Bwana Maksuudi, anawekwa ndani, na anapotoroka anaangukia ulevi na ukahaba. Tamthilia ya Kilio Chetu, iliyotolewa na Medical Aid Foundation katika mwongo wa 1990 na kusomeshwa katika sekondari za Tanzania, inalifanya swali hili kuwa ndilo kiini cha mgogoro. Wazazi wanabishana kama watoto waelezwe habari za ngono na UKIMWI au la, na wakati wanabishana, kijana Joti na msichana Anna wanapata madhara ambayo elimu ingeyazuia.

Mfano wa nne ni riwaya ya Assumpta Matei, Chozi la Heri, ya mwaka 2014, ambayo ilikuwa kitabu teule cha Kiswahili nchini Kenya kuanzia mwaka 2018. Inasimulia ghasia za baada ya uchaguzi, nyumba kuchomwa moto pamoja na waliomo, mabinti kubakwa mbele ya baba yao, na maisha ya kambini. Watahiniwa wa Kenya waliisoma wakiwa na umri wa miaka 16 hadi 18, ilhali jeraha la ghasia za 2007 na 2008 lilikuwa bado bichi nchini.

Upinzani haujaisha. Mwezi Februari 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilipiga marufuku vitabu 16 katika shule kwa kueleza kuwa vinakiuka mila na maadili, vikiwamo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid. Nchini Marekani shirika la PEN America lilihesabu matukio zaidi ya 10,000 ya vitabu kuondolewa shuleni katika mwaka wa masomo wa 2023 hadi 2024. Hofu ya watu wazima juu ya kile kinachosomwa na vijana, basi, haina bara wala dini moja. Zambia yenyewe iliingiza elimu kamili ya jinsia katika mtaala wa darasa la 5 hadi la 12 mwaka 2014, na kufikia mwaka 2020 mjadala mkali wa hadharani ulikuwa umezuka kuhusu elimu hiyo. Yeyote atakayependekeza fasihi yenye mada hizi Nchelenge anaingia katika mjadala huo, apende asipende.

4. Kitenzi na mtenda

Sababu ya kwanza ya kuitetea lugha ya waziwazi ni ya kisarufi. Kiswahili kina vitenzi vingi vya kusimulia dhuluma moja. Juu ya msichana aliyedhulumiwa huweza kusemwa kwamba ameharibika, ameharibiwa, amepata mimba, ametiwa mimba, amebakwa, au kwamba mtu fulani amembaka. Tofauti ya kauli hizi si ya adabu tu.

Katika "ameharibika", kauli ya kutendeka inaiondoa kabisa nafasi ya mtenda. Msichana anakuwa kama embe lililooza lenyewe ndani ya kikapu. "Ameharibiwa", kauli ya kutendwa, hubakiza nafasi ya mtenda baada ya neno "na", hata kama msemaji ameamua kuiacha wazi, na msikilizaji ana haki ya kuuliza: na nani? Katika "amepata mimba" msichana ndiye mtenda wa kisarufi, kana kwamba aliitafuta. "Ametiwa mimba" hurejesha mkono wa mwingine. Vivyo hivyo, "kuolewa" humtaja bibi arusi na mume; "kuozwa" humwita na mtu wa tatu, yaani mzazi au mlezi aliyemtoa. Mwaka 2023 Zambia ilirekebisha Sheria ya Ndoa na kuufanya umri wa miaka 18 kuwa wa chini kabisa, ndoa za kimila zikiwamo. Sheria ya namna hiyo inamlenga mtu ambaye neno "kuolewa" linamficha na neno "kuozwa" linamfichua.

Tafsida ina heshima yake. Hulinda utu msibani, mbele ya wakwe, na pale wadogo wanapokaa na wazee. Lakini kijana aliyefunzwa tafsida peke yake hana maneno pale maneno yanapohitajika zaidi: mbele ya mwuguzi, mbele ya askari wa dawati la waathirika, mbele ya hakimu. Kifungu cha 138 cha Sheria ya Adhabu ya Zambia kinalihesabu tendo la kujamiiana na mtoto kuwa kosa zito la jinai, na kosa hilo huthibitishwa kwa ushahidi. Mtoto anayesema "aliniharibu" huulizwa maswali kumi ya ziada, na kila swali ni fursa ya kuona haya na kunyamaza. Fasihi nzuri humkutanisha kijana na neno hilo mapema, katika habari ya mtu wa kubuni, kabla hajalazimika kulitumia kwa habari yake mwenyewe.

Nchelenge ina ugumu wa ziada. Kiswahili cha vitabu teule ni sanifu, kilichokulia Zanzibar, Dar es Salaam na Nairobi. Cha Mantapala na cha wavuvi wa Pweto ni cha Katanga. Na wanafunzi wengi hufikiri kwanza kwa Kibemba. Ukali wa neno hausafiri pamoja na maana yake ya kamusi. Neno lililo la kawaida kwa msomaji mmoja linaweza kumchoma mwingine, na tafsida ya pwani inaweza isieleweke kabisa ziwani, ikamwacha mwanafunzi bila kujua kwamba mhusika amebakwa. Kwa hiyo faharasa ya kitabu si pambo. Ndiyo sehemu ya kwanza ya malezi ya msomaji.

5. Chisungu na unyago: faragha yenye mlezi

Inadaiwa mara nyingi kwamba mila za Kiafrika haziruhusu vijana kuelezwa mambo haya. Historia ya eneo lenyewe inakanusha. Miongoni mwa Wabemba na jirani zao, msichana aliyebalehe alipitishwa katika chisungu, chini ya mwongozo wa mwanamke mzoefu aitwaye nacimbusa. Audrey Richards aliishuhudia desturi hiyo mwaka 1931 na kuieleza katika kitabu cha mwaka 1956. Mafunzo yalitolewa kwa nyimbo, michezo ya kuigiza, na mbusa, yaani vinyago vya udongo na michoro ya ukutani, kila kimoja kikiwa na wimbo wake na maana yake. Ndani yake yalikuwamo mambo ya mwili, ya kitandani, ya uzazi na ya ugomvi wa nyumba, kwa lugha ambayo isingetamkwa sokoni. Waswahili wa pwani wana unyago na kungwi wao, na pia jando kwa wavulana.

Kwa hiyo wazee hawakuuliza kama kijana aambiwe. Waliuliza aambiwe na nani, lini, wapi, na kwa mpangilio gani. Palikuwa na mlezi anayejulikana na kuwajibika. Palikuwa na faragha. Maneno mazito yaliwekwa ndani ya fumbo na wimbo, yakafunguliwa taratibu. Na ilikuwapo siku ya kutoka, ambapo kijana alirudishwa kwa jamii akiwa amesherehekewa, si akiwa ameachwa na mzigo.

Desturi hiyo isipambwe kupita kiasi. Ilimwandaa msichana kwa ndoa, mara nyingine mapema mno, na ilimfunza zaidi kuvumilia kuliko kuhoji. Hapo ndipo fasihi inaweza kuongeza kile ambacho chisungu haikukusudia kutoa. Rosa Mistika humwachia msomaji nafasi ya kuuliza kwa nini Zakaria ana haki ya kupiga, na kwa nini aibu ya Rosa haiwafuati wanaume waliomtumia. Lakini fasihi ikija bila mlezi, bila faragha na bila mpangilio, itakuwa imechukua ukali wa unyago na kuacha ulinzi wake.

Makanisa nayo yana uzoefu huu. Dan Crawford, mmisionari aliyeishi Luanza kwenye ufuko wa Kongo wa ziwa hilihili hadi kifo chake mwaka 1926, aliitafsiri Biblia kwa Kiluba. Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 13, kinasimulia Tamari alivyobakwa na ndugu yake Amnoni na jinsi baba yao Daudi asivyochukua hatua. Vijana wa ufukweni wamekuwa na masimulizi ya namna hiyo mikononi mwao kwa vizazi kadhaa, na hayajaondolewa, kwa sababu wanaoyafundisha wanaamini kwamba simulizi la dhambi si mwaliko wa kuitenda.

6. Hoja za upande wa pili

Hoja nne za wanaopinga zinastahili kujibiwa kwa uzito.

Kwanza, inasemwa kwamba vijana huiga wanachosoma. Hoja hii ina nguvu juu ya usawiri wa kusisimua, na haina nguvu juu ya kazi zinazoonyesha gharama. Hakuna anayemaliza Utengano akiyatamani maisha ya Maimuna.

Pili, wazazi wana haki ya kuamua juu ya malezi ya watoto wao. Haki hiyo ni ya kweli, na shule inayoificha orodha ya vitabu inaivunja. Hata hivyo, haki ya mzazi mmoja juu ya mtoto wake haimpi mamlaka juu ya watoto wa wenzake. Aidha, wapo watoto ambao dhuluma yao inatoka ndani ya nyumba, na kwao kitabu kinaweza kuwa mtu mzima wa kwanza kuwaambia kwamba hawana kosa.

Tatu, kwa kijana aliyepitia vita au ubakaji, kusoma simulizi linalofanana na lake kunaweza kulitonesha jeraha. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote kwa Nchelenge. Darasa lenye wanafunzi kutoka Mantapala linaweza kuwa na walioona nyumba zao zikiungua. Sura za Chozi la Heri, ambazo kwa mwanafunzi wa mjini ni mazoezi ya huruma, kwao ni kumbukumbu. Wapo watakaofarijika kuona kwamba mateso kama yao yameandikwa kwa Kiswahili na kuheshimiwa, wapo watakaozidiwa. Mwalimu hawezi kuwatambua kwa kuwatazama. Hoja hii haidai kitabu kizuiwe, lakini inadai kwamba hakuna anayelazimishwa.

Nne, darasa la kawaida halifanani na mzunguko wa chisungu. Wanafunzi ni wengi, wavulana na wasichana wamechanganyika, nakala za vitabu ni chache, na mtihani ndio unaotawala. Mwalimu humchagua mwanafunzi yeyote asome kwa sauti. Msichana aliyerudi shuleni baada ya kujifungua, kama sera ya Zambia inavyomruhusu tangu mwaka 1997, anaweza kujikuta akisoma mbele ya wenzake kisa cha mimba ya mhusika, huku nyuma yake kukiwa na vicheko. Tangu siku hiyo jina la mhusika linaweza kuwa jina lake la utani. Madhara hapo ni ya kweli, nayo yametoka katika namna ya kufundisha.

Hoja hii ya nne ina uso mwingine usiotajwa mara nyingi. Katika Rosa Mistika, miongoni mwa wanaomtumia Rosa wamo watu wa chuo na wa ofisi, wenye madaraka juu yake. Watu wazima wanaoamua kama kijana asome kitabu hicho ni watu wa tabaka hilohilo. Wengi wao ni waadilifu. Hata hivyo, uamuzi kuhusu fasihi inayowachunguza wenye mamlaka haufai kuachwa mikononi mwa wenye mamlaka peke yao, bila mzazi, mwuguzi, wala wanafunzi waliokwisha kukisoma.

7. Mapendekezo

Kutokana na mjadala huu, hatua saba zinapendekezwa kwa wakuza mitaala na wasimamizi wa shule za wilaya.

(i) Kitabu kitathminiwe kwa ukamilifu wake. Jopo la uteuzi lijibu kwa maandishi maswali matatu: lugha kali inafanya kazi gani, simulizi limesimama upande wa nani, na msomaji anaachwa na nini mwishoni.

(ii) Kazi zipangwe kwa rika. Kwa umri wa miaka 13 hadi 15 zifae kazi kama Kilio Chetu, ambazo ni fupi, za kuigizika, na zenye mjadala wa wazi. Rosa Mistika, Utengano na Chozi la Heri zisubiri miaka 16 hadi 18.

(iii) Wazazi wapewe orodha pamoja na maelezo mafupi ya mada kabla ya muhula kuanza, kwa Kibemba na kwa Kiswahili, na kuwe na kitabu mbadala chenye uzito uleule wa mtihani. Mwanafunzi mwenyewe pia awe na haki ya kukichagua hicho bila kutoa sababu.

(iv) Vifungu vya ukatili visisomwe kwa sauti na wanafunzi wala visiigizwe nao. Mwalimu avisome mwenyewe, au visomwe kimya na kujadiliwa kwa maswali yaliyoandaliwa.

(v) Mazoezi na mitihani visimwombe mwanafunzi asimulie mkasa wake. Swali liwe juu ya mhusika. Anayetaka kusema yake aonyeshwe mlango wa faragha: mwalimu wa ushauri nasaha, kituo cha afya, au dawati la polisi, na majina ya ofisi hizo yajulikane kabla ya kitabu kufunguliwa.

(vi) Walimu wafunzwe kuisoma lugha yenyewe: kauli za vitenzi, tafsida na tusi. Mwalimu anayeweza kueleza tofauti ya "ameharibika" na "amebakwa" hahitaji kuhubiri; sarufi itamsaidia kusema yaliyobaki.

(vii) Toleo lililopunguzwa liandikwe waziwazi kwamba limepunguzwa. Kukata kurasa kimyakimya humfundisha kijana kwamba hata kitabu hakiaminiki.

Mapendekezo ya nne na ya tano hayana gharama ya fedha, na yanaweza kuanza kutekelezwa bila kusubiri mtaala mpya.

8. Hitimisho

Swali la kama vijana wasome fasihi yenye lugha kali limeulizwa kwa namna inayodhania kwamba kitabu ndicho kinachouleta ukali kwa kijana. Kando ya Ziwa Mweru ukali ulitangulia. Umo katika miezi ya kufungwa kwa uvuvi, katika ndoa za mapema, na katika njia walizopita wakimbizi kutoka ng'ambo. Kitabu hukuta kijana ana jambo na hana jina lake.

Kwa hiyo msimamo wa makala hii ni kwamba kazi hizo zisomeshwe, kwa rika linalofaa, na mwalimu aliyeandaliwa, mbele ya wazazi walioarifiwa, na kwa wanafunzi wenye haki ya kusema hapana. Pale masharti hayo yasipokuwapo, ni bora somo lisubiri kuliko kufundishwa vibaya. Lakini kusubiri huko kuwe na tarehe na bajeti, kusiwe jina jingine la marufuku. Wazee wa chisungu na wa unyago walijua kwamba neno zito linahitaji mlezi. Kazi iliyo mbele ya wakuza mitaala wa eneo hili ni kumwandaa mlezi huyo darasani kabla ya kuiagiza shehena ya vitabu.